Uchachu si Kipimo cha Vitamini C

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetuotesheza matunda ya kila ladha. Ramadhani inapoingia, futari zetu hazikosi juisi ya ukwaju, na wengi wetu huamini kwamba kila kilicho kichachu kimejaa vitamini C. Dhana hiyo yafaa tuirekebishe.

Uchachu hutokana na asidi za asili. Ndimu na chungwa zina asidi ya sitriki. Ukwaju una asidi ya tatariki. Vitamini C nayo ni asidi, lakini ni nyingine kabisa. Ndiyo maana ukwaju, pamoja na ukali wake, una vitamini C kidogo sana, ilhali pera lililoiva lina zaidi ya miligramu 200 katika kila gramu 100 za tunda. Chungwa lina takriban 50. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Pera moja latosha.

Jambo hili lina uzito hasa kwa wajawazito na watoto, ambao upungufu wa damu huwaandama. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage, choroko na mchicha hayafyonzwi mwilini kwa wepesi. Vitamini C ikiliwa katika mlo huo huo huyasaidia kufyonzwa, chai huyazuia. Basi anayekula maharage akashushia chai hupoteza sehemu ya neema iliyokuwa sahanini mwake.

Tufanyeje? Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa maji machache na kwa muda mfupi, kwani vitamini C huyeyuka majini na huharibiwa na moto. Ndimu ikamuliwe chakula kikiwa tayari sahanini. Pera, papai au chungwa liliwe pamoja na mlo, na chai ingoje walau saa moja. Hata hivyo, mama aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki asiviache; tunda si badala ya tiba.

Nasi tulio katika kamati za misikiti, tunaoandaa futari za pamoja, tuanze sisi: matunda yatangulie, chai isubiri hadi baada ya Tarawehe. Mwili ni amana, na amana hutunzwa kwa elimu.

Wabillahi tawfiq.