Madeni Mengi, Kichwa Kimoja: Sayansi ya Kulipa Hadi Mwisho

Deni kubwa la kaya mara nyingi si deni moja. Ni mkopo wa SACCOS uliopaua nyumba, fedha za VICOBA zilizolipa ada ya shule, mkopo wa simu uliochukuliwa usiku mgonjwa alipozidiwa, daftari la dukani kwa mangi, na pengine mkopeshaji wa mtaani anayeshikilia kadi ya benki ya mdaiwa. Kila deni lina tarehe yake, riba yake na mtu wake wa kupiga simu. Kulimaliza rundo kama hilo huchukua miaka, na kaya nyingi hukata tamaa kabla ya mwisho hata pale kipato kinapotosha marejesho. Swali la kisayansi basi si la hesabu tupu. Ni kwa nini nia ya kulipa hupungua, na ni mpangilio gani wa malipo unaoilinda.

Ushahidi mzito kuhusu uchovu wa akili unaoletwa na madeni umetoka Singapore. Huko taasisi moja ya hisani ililipa madeni sugu ya familia maskini, yakiwemo malimbikizo ya kodi ya nyumba na bili za maji na umeme, hadi kiasi cha dola 5,000 za nchi hiyo kwa kaya. Qiyan Ong, Walter Theseira na Irene Ng waliwapima wanufaika 196 kabla ya msaada na tena miezi michache baadaye, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Baada ya madeni kulipwa, wasiwasi ulipungua, makosa katika majaribio ya umakini yalipungua, na watu wakawa wepesi zaidi kusubiri faida kubwa ya kesho kuliko kukimbilia ndogo ya leo. Jambo la kushangaza lilikuwa katika mgawanyo. Kati ya watu waliolipiwa kiasi sawa cha fedha, walionufaika zaidi kiakili ni wale waliofutiwa madeni mengi zaidi kwa idadi. Watafiti walieleza kwamba kila deni lililo wazi hudai sehemu yake ya fikra: kukumbuka tarehe, kupanga nani asubiri, kuandaa maneno ya kumwambia anayedai. Akili iliyobanwa hivyo hufanya maamuzi mabaya ya fedha, na maamuzi hayo huzaa deni jingine. Kumwita mdaiwa sugu mzembe ni kuyachukua matokeo ya deni na kuyafanya chanzo chake.

Kuhusu nani alipwe kwanza, hesabu ina jibu moja: deni lenye riba ya juu zaidi, kwa kuwa ndilo linalokula fedha nyingi kila mwezi. Njia ya pili ni kuanza na deni dogo kuliko yote bila kujali riba, kisha kuhamishia fedha zake kwenye linalofuata. Watu wengi hawafuati hata moja. John Gathergood na wenzake walichunguza malipo ya Waingereza wenye kadi za mkopo zaidi ya moja, wakaonyesha mwaka 2019 kwamba wengi hugawa malipo kulingana na ukubwa wa salio: kadi yenye deni kubwa hupata zaidi, ndogo hupata kidogo, na riba haitazamwi. Kwa kawaida za huku kwetu, huo ndio mtindo wa kumpoza kila anayedai kwa kidogo kidogo. Unaonekana wa haki, lakini ndio unaochosha kuliko yote.

Chukua kaya ya mfano yenye madeni manne: 80,000 za dukani, 120,000 za simu, 600,000 za VICOBA na 3,000,000 za SACCOS. Baada ya marejesho ya lazima inabakiwa na 100,000 za ziada kila mwezi. Ikizigawa sawa, 25,000 kwa kila deni, baada ya miezi miwili bado inadaiwa na wote wanne. Ikizielekeza kwa deni moja moja, bila kuhesabu riba, mwezi wa kwanza duka linamalizika na 20,000 zinakwenda kwenye simu. Mwezi wa pili simu nayo inafungwa. Katika hali zote mbili zimelipwa shilingi 200,000 zilezile, zaidi kidogo ya asilimia 5 ya deni lote. Tofauti ni kwamba katika hali ya pili nusu ya wadai wameondoka, na fedha walizokuwa wakipewa sasa ziko huru kumshambulia wa tatu.

Tofauti hiyo ina nguvu halisi. David Gal na Blakeley McShane walichambua kumbukumbu za maelfu ya wateja wa kampuni ya Marekani inayosaidia watu kuondokana na madeni. Mwaka 2012 waliripoti kwamba idadi ya madeni yaliyokwisha kufungwa ilitabiri vizuri nani atafika mwisho, hata baada ya kuzingatia kiasi cha fedha. Utafiti wa Keri Kettle na wenzake wa mwaka 2016 uliongeza kwamba kuelekeza malipo kwenye deni moja huongeza juhudi kuliko kuyatawanya, kwa sababu mdaiwa hupima maendeleo yake kwa deni lililosogea zaidi.

Kuna mpaka, hata hivyo, ambapo saikolojia inapaswa kuipisha hesabu. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu anayekopa shilingi 10,000 kwa masharti hayo, akalipa na kukopa upya kila mwezi, hutoa 9,000 za ada kwa mwaka na bado anadaiwa 10,000. SACCOS nyingi hutoza karibu asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Mikopo ya mtaani ambayo Watanzania huiita kausha damu inaweza kudai asilimia 20 au zaidi kwa mwezi. Nusu milioni hapo humeza laki nzima kila mwezi kabla ya mtaji kuguswa. Deni la namna hiyo linatangulia yote, liwe dogo au kubwa, na kuchukua mkopo wa SACCOS ili kulifuta ni uamuzi sahihi, mradi mlango huo usifunguliwe tena. Pale riba zinapokaribiana, kuanza na dogo ndiyo njia bora.

Namna riba inavyohesabiwa nayo ichunguzwe. Mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 12 kwa asilimia 3 kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya mtaji wa awali hadi mwisho, unagharimu riba ya 360,000. Asilimia hiyohiyo juu ya salio linalopungua hugharimu takriban 205,500.

Kipindi cha hatari zaidi ni cha kati. Clark Hull alionyesha mwaka 1934 kwamba panya huongeza kasi anapokikaribia chakula, na tabia hiyo imeonekana pia kwa binadamu. Andrea Bonezzi na wenzake waliongeza mwaka 2011 kwamba bidii huwa juu mwanzoni na mwishoni, ikilegea katikati, ambapo mwanzo umekwisha kusahaulika na mwisho hauonekani. Minjung Koo na Ayelet Fishbach walipendekeza dawa yenye ushahidi: kutazama namba iliyo ndogo. Mwanzoni daftari lionyeshe kiasi kilicholipwa. Nusu ikipita, lionyeshe kilichobaki. Deni la milioni tatu livunjwe pia katika vipande vya laki tatu, ili kila baada ya miezi michache pawe na kitu cha kufunga.

Mara nyingi dharura, si udhaifu wa nia, ndiyo inayovunja mipango mizuri. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wanachama wa vikundi vya kuchangishana magharibi mwa Kenya, waliona kwamba hata kisanduku cha chuma chenye kufuli kiliwasaidia watu kuweka fedha za afya. Kaya inayolipa madeni bila akiba yoyote hurudi kwenye mkopo wa simu mtoto anapougua, kwa hiyo akiba ndogo ya dharura ni sehemu ya mpango wenyewe.

Rejesho la mwisho nalo halimalizi kazi. Hati ya kiwanja iliyowekwa dhamana irudishwe, mdhamini aondolewe, na barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha itolewe. Nchini Kenya, rekodi ya mkopo uliokuwa umekwama hubaki kwenye taasisi za taarifa za mikopo kwa miaka 5 hata baada ya kulipwa. Anayelipa shilingi ya mwisho asiondoke dirishani kabla hajaishika barua hiyo mkononi.