Deni la Matunzo Likivuka Mpaka wa Jimbo

Tuseme baba aliamriwa na mahakama ya Minnesota kulipa matunzo ya mtoto, kisha akahamia Texas kikazi. Miaka inapita, barua inafika: amri ya Minnesota imesajiliwa Texas na anadaiwa dola 14,000. Anashtuka, maana anajua alilipa. Tangu aarifiwe, kwa kawaida ana siku 20 tu za kuomba pingamizi lake lisikilizwe. Zikipita, hesabu hiyo inathibitishwa kama ilivyo.

Sheria inayotumika, UIFSA (sheria ya pamoja ya majimbo kuhusu matunzo ya familia), iliandaliwa mwaka 1992, na majimbo yote ya Marekani yameipitisha. Chini yake Texas haiulizi kama kiwango kilikuwa cha haki. Inauliza kama mahakama iliyotoa amri ilikuwa na mamlaka, kama amri ilibadilishwa au kufutwa, kama deni limelipwa, na kama muda wa kudai umekwisha. Malimbikizo na riba hupigiwa hesabu kwa sheria ya Minnesota. Ukomo wa muda ukitofautiana, unafuatwa ule mrefu.

Kwenye malipo ndipo ugomvi unapokolea, na mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli. Baba alitoa fedha, lakini alimpa mama mkononi, au alinunua viatu na kulipa ada; daftari la jimbo halikuona kitu, na mahakama inaweza kuyahesabu hayo kuwa zawadi. Pengine mwajiri alikata mshahara na fedha zikaingizwa kwenye kesi nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kubishana, omba Minnesota daftari la malipo la mwezi kwa mwezi, ulilinganishe mstari kwa mstari na hati za mshahara na taarifa za benki. Mama naye afanye vivyo hivyo. Asiyeweza kusafiri anaweza kuruhusiwa kutoa ushahidi kwa simu.

Tangu 1986, sheria ya shirikisho inalihesabu kila fungu lisilolipwa siku yake kuwa hukumu kamili. Aliyepoteza kazi Januari akaomba kupunguziwa Juni, mahakama haiwezi kumfutia ya Januari hadi Mei. Naiona kali mno kwa aliyekuwa hospitali au gerezani, lakini ndiyo sheria: ombi lipelekwe wiki ileile kipato kinapoanguka. Kama mzazi mmoja au mtoto bado yuko Minnesota, ombi linakwenda huko. Wote wakiwa wamehama, mwombaji hulifungua katika jimbo la mwenzake, kama timu inayocheza ugenini.

Ndugu zetu walioko Marekani wazingatie hili pia: deni likizidi dola 2,500, raia wa Marekani hunyimwa pasipoti. Kulishusha chini ya kiwango hicho peke yake hakumwondoi kwenye orodha. Ni lazima jimbo linalodai liombe aondolewe, na majimbo mengine hayaombi mpaka deni lote liishe. Mwenye msiba au harusi nyumbani aiulize ofisi ya matunzo ya jimbo hilo kabla ya kukata tiketi.