Kwa Nini Mtoto Huachwa Nyuma? Fizikia ya Hatua Fupi

Kila ifikapo tarehe 8 Agosti, familia kutoka Mkoa wa Singida husafiri hadi viwanja vya Nzuguni, Dodoma, kuhudhuria Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kati. Huko watu hutembea kutwa, kutoka mabanda ya mifugo hadi ya mbegu na zana za kilimo. Mtoto mchanga hana taabu, kwani yumo katika mbeleko mgongoni mwa mama. Mwenye taabu ni ndugu yake wa miaka minne, aliyekwisha kuwa mzito mno kwa mbeleko. Kabla ya adhuhuri huwa nyuma ya wenzake, analia, naye huambiwa kuwa ni mvivu. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Mguu wa mtu atembeaye hubembea kwa namna inayokaribia pendulamu, yaani kizito kinachoning'inia kwenye uzi. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Funga jiwe kwenye uzi wenye urefu wa sentimita 90, ambao ni karibu na urefu wa mguu wa mtu mzima. Funga jingine kwenye uzi wa sentimita 45, ambao ni karibu na mguu wa mtoto wetu. Yabembeze kidogo, kisha pima muda wa mizunguko 20. Uzi mrefu utachukua sekunde 38 hivi, na mfupi sekunde 27. Kwa hiyo mguu mfupi hubembea upesi zaidi, mara 1.4.

Hata hivyo, hatua ya mtoto ni nusu tu ya hatua ya mtu mzima. Tukizidisha nusu kwa 1.4 tunapata 0.7. Maana yake ni kwamba mwendo wa mtoto usiomchosha ni sehemu saba tu katika kumi za mwendo wa mzazi wake.

Kipimo cha mambo haya kina jina la mhandisi Mwingereza William Froude (1810–1879), aliyechunguza mwendo wa meli. Chukua kipeo cha pili cha mwendo, kisha ukigawanye kwa zao la urefu wa mguu na mchapuko wa graviti, yaani 9.8. Mtu mzima atembeaye mita 1.5 kwa sekunde hupata 0.25 hivi, nao ni mwendo wa starehe. Mtoto akilazimishwa kwenda mwendo uo huo hupata 0.5, na hapo ndipo binadamu huacha kutembea akaanza kukimbia. Basi wakati mzazi anatembea kwa utulivu, mtoto wake yu katika mbio za mchakamchaka tangu asubuhi!

Kumburura kwa mkono si dawa. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, kano inayoshikilia mfupa wa kigasha karibu na kiwiko bado ni dhaifu. Mkono ukivutwa kwa ghafula, mfupa huo huweza kuteguka. Mtoto anayekataa kuutumia mkono wake baada ya kuvutwa apelekwe kituo cha afya.

Lifaalo ni kumweka mtoto mbele, ili yeye ndiye apange mwendo. Mtoto aliye mbele pia hapotei kwa urahisi katika umati. Yachaguliwe mabanda machache, na mapumziko kivulini pamoja na maji ya kunywa yaje kabla ya kilio, si baada yake.

Wanafunzi wanaweza kuendelea na uchunguzi huu nyumbani. Wapime miguu ya wadogo zao kutoka nyonga hadi ardhini, kisha wakokotoe ni kwa mwendo gani kila mmoja atalazimika kukimbia. Wakipata jibu, wawaonyeshe wazazi kabla ya safari.