Darasa na uwanja: Namna vituo vya soka vinavyosomesha vipaji

WAKATI timu ya taifa ya Hispania ikiwa kambini nchini Ujerumani kwa fainali za Kombe la Ulaya mwaka 2024, mshambuliaji wake Lamine Yamal alikuwa na mzigo ambao wenzake hawakuwa nao. Alikuwa na umri wa miaka 16, na baada ya mazoezi alirejea kwenye kazi za shule ili amalize elimu ya lazima ya sekondari ya nchini kwao. Matokeo yalitoka mashindano yakiendelea: alifaulu. Julai 14, siku moja baada ya kutimiza miaka 17, Hispania iliifunga Uingereza mabao 2-1 mjini Berlin na kutwaa ubingwa.

Wengi waliosoma habari ile waliichukulia kuwa kichekesho. Haikuwa hivyo. Yamal amelelewa La Masia, kituo cha klabu ya Barcelona kilichofunguliwa mwaka 1979 katika nyumba ya kale ya shamba iliyo jirani na uwanja wa Camp Nou, na ambako anayelala bwenini huwa pia mwanafunzi. Mwaka 2010, watatu wa mwisho waliowania tuzo ya Mpira wa Dhahabu, Lionel Messi, Andres Iniesta na Xavi Hernandez, wote walikuwa zao la kituo hicho.

Hata hivyo, ni majina ya namna hiyo yanayowapotosha wazazi. Klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza huorodhesha wachezaji wasiozidi 25 waliovuka umri wa vijana, ilhali kituo chake hulea watoto wa kila rika kuanzia wasiotimiza miaka tisa. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Karibu kila anayeingia atatoka bila nafasi katika kikosi cha wakubwa, mwingine akiwa na miaka 16, mwingine 18, na goti likiumia safari hiyo huwa fupi zaidi. Kwa hiyo suala la elimu halimhusu Yamal sana. Linamhusu yule aliyelala kitanda cha pili akaachwa njiani.

Uingereza ililiwekea suala hili utaratibu katika mpango wa kukuza wachezaji ulioanza mwaka 2012. Wapo watoto wanaofanya mazoezi baada ya saa za shule, wapo wanaotolewa darasani kwa saa maalumu, na wapo ambao masomo na mazoezi yao hupangwa kwa pamoja. Klabu inayomtoa mtoto darasani hulazimika kumfidia vipindi alivyokosa na kufuatilia maendeleo yake shuleni. Akifikisha miaka 16 na kubakizwa, hupewa mkataba wa uanagenzi wa miaka miwili, na sehemu ya wiki yake hubaki kuwa ya masomo. Phil Foden, kwa mfano, alisoma shule binafsi ya St Bede's mjini Manchester kwa karo iliyolipwa na Manchester City.

Afrika hali ni tofauti, kwa sababu mara nyingi shule yenyewe ndiyo inayokosekana, au karo yake haishikiki. Ndiyo maana vituo viwili vilivyojijengea jina Afrika Magharibi viliamua kuwa na madarasa yao ndani ya uzio. Nchini Senegal, Diambars ya mjini Saly ilianzishwa mwaka 2003 na Patrick Vieira, Bernard Lama, Jimmy Adjovi-Boco na Saer Seck. Idrissa Gana Gueye, kiungo wa kikosi cha Senegal kilichotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mapema mwaka 2022, alipita hapo.

Nchini Ghana, Right to Dream ilianzishwa mwaka 1999 na Tom Vernon, aliyekuwa akiisakia vipaji Manchester United barani Afrika. Mohammed Kudus ndiye zao lake linalojulikana zaidi. Lakini anayefaa kuangaliwa na mzazi ni Emmanuel Boateng. Kutoka kituoni alipelekwa Marekani kusoma sekondari katika shule ya Cate, California, akaingia Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ndipo akawa mchezaji wa kulipwa na hatimaye kuichezea LA Galaxy. Kama soka lingemkataa, bado chuo alikuwa nacho.

Siri ya vituo hivyo, kama ipo, ni ratiba. Mwalimu na kocha wako chini ya mkuu mmoja, hivyo mtihani na mechi havigongani bila mtu wa kuamua. Mtoto anayetumikia mabwana wawili, shule asubuhi na klabu ya mtaani jioni, hana mwamuzi huyo. Na kwa kawaida bwana anayeshinda ni yule mwenye mpira.

Sheria nazo zinatambua hatari hiyo. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho kinazuia mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache. Ndani ya Umoja wa Ulaya anaweza kuhama kuanzia miaka 16, lakini klabu mpya sharti imhakikishie elimu itakayomfaa soka likikoma. Barcelona hiyo hiyo ya La Masia iliadhibiwa mwaka 2014 kwa kukiuka kanuni za watoto, ikazuiwa kusajili kwa vipindi viwili.

Karibu na nyumbani, chama cha MYSA cha Mathare, Nairobi, kilichoanza mwaka 1987, kilichukua njia isiyo na bweni: vijana wake hukusanya alama kwa kujitolea katika jamii, na wanaofanya vizuri husaidiwa karo.

Tanzania ina UMISSETA, lakini hayo ni mashindano ya msimu, si malezi ya mwaka mzima. Yaliwahi hata kusimamishwa kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kana kwamba darasa na uwanja ni maadui. Hasara ya kukuza vijana nje ya shule ilionekana pia kwa Serengeti Boys, walioondolewa kwenye fainali za Afrika za mwaka 2005 kwa suala la umri. Mtoto aliyeandikishwa tangu darasa la kwanza ni vigumu kupunguziwa miaka.

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, Ligi Kuu ikiwa imechanganya. Mzazi anayeombwa mwanawe na kituo cha soka anaweza kuanzia hapo: aulize siku ya mtihani kijana atakuwa wapi, nani atalipa karo akivunjika mguu, na kama kuna mwalimu mwenye mamlaka ya kumzuia asicheze Jumamosi.