Mtoto Asiyesema Atazamwe Masikio Kwanza

Wazee walisema kuwa sikio la kufa halisikii dawa, na walimkusudia mtu mkaidi aliyekataa maonyo. Ni jambo la kusikitisha kwamba siku hizi neno hilo hutupiwa hata watoto wadogo. Mtoto wa miaka mitatu huitwa mara mbili, mara tatu, asigeuke. Mama hukasirika, jirani hucheka, na hatimaye fimbo huchukuliwa. Ni wachache miongoni mwetu wanaosita kidogo na kujiuliza: je, mtoto huyu amesikia?

Sisi twaona kuwa swali hilo lapasa kutangulia fimbo. Tena lapasa kuulizwa mapema sana, kwa sababu mtoto hafundishwi kusema kwa kulazimishwa, bali hujifunza kwa kusikia. Asiyesikia maneno hana atakachoiga.

Kusema kwa mtoto kuna hatua zake. Tangu siku za kwanza hushtuka kwa kishindo. Akipata miezi sita au saba huanza kutoa sauti za “ba-ba-ba” na “ma-ma-ma”. Karibu na miezi tisa hugeuka akiitwa jina lake. Atimizapo mwaka, au muda mfupi baadaye, hutamka neno lake la kwanza, na afikapo miaka miwili huunganisha maneno mawili, mathalan “mama maji”. Hapana shaka watoto hawalingani, na mmoja aweza kumtangulia mwenziwe kwa miezi kadha. Walakini mzazi asidanganyike na kilio na kicheko. Hata mtoto aliyezaliwa kiziwi hulia, hucheka na kutoa sauti katika miezi yake ya mwanzo. Ukimya huja baadaye.

Sisi tuliolea watoto twajua maneno ambayo mzazi huambiwa wakati huo. Mtoto wetu wa pili alitimiza miaka miwili akiwa na maneno matatu tu. Shangazi alisema kuwa hata baba yake alichelewa. Jirani alituliza kwa methali: kawia ufike. Mwingine alishauri ulimi ukatwe, na mwingine kimeo. Yupo pia aliyeilaumu nyumba yetu kwa kumsemesha mtoto Kiswahili pamoja na lugha ya bibi yake. Tulimpeleka hospitali. Daktari alimtazama masikio kwa taa yake ndogo, akaona maji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Hakuwa na homa, wala hakuwa akilia maumivu. Tuliagizwa kurudi kwa tarehe, na mwezi wa tatu maji yalikuwa yamekauka. Baada ya hapo maneno yalianza kuja, moja moja kwanza, kisha kwa mafungu.

Yafaa tueleze jinsi jambo hilo linavyotokea. Kutoka nyuma ya pua hadi ndani ya sikio upo mrija mwembamba wa kupitisha hewa. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu nao umeinama. Kwa mtoto ni mfupi na umelala, hivyo mafua hupanda kwa wepesi na kuuziba. Maji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto husikia kama mtu aliyezibwa masikio kwa viganja. Kwa kuwa maji hayo hupungua na kuongezeka, leo ataitika na kesho hataitika. Hapo ndipo huitwa mkaidi, na huadhibiwa kwa kosa asilolijua. Aghalabu maji hayo huondoka yenyewe katika miezi mitatu. Yasipoondoka, madaktari wanayo njia ya kuyatoa.

Pengine vijidudu hugeuza maji kuwa usaha, usaha hupasua ngoma, na sikio huanza kuvuja. Wengi huliona sikio linalovuja kuwa jambo la kawaida la utoto. Sivyo. Sikio lililovuja kwa zaidi ya wiki mbili limekwisha kuwa na ugonjwa sugu, nao waweza kula usikivu bandu bandu hata ukamaliza gogo. Sikio hilo hukaushwa kwa kitambaa safi, laini, kilichosokotwa, ambacho hutupwa kila kilowapo, na daktari hutoa dawa ya matone. Lisitiwe mafuta, wala maziwa ya mama, wala maji ya majani, wala lisichokolewe kwa njiti ya kiberiti.

Kuhusu ulimi na kimeo, twapenda kusema waziwazi. Ulimi ulioshikwa chini waweza kumsumbua mtoto anaponyonya, au kuharibu matamshi ya sauti fulani, lakini haumfanyi akose maneno. Kukata kimeo hakuleti usemi, na watoto wametokwa na damu nyingi na kupata vidonda vibaya kwa visu vichafu. Wala lugha mbili nyumbani si ugonjwa. Mtoto asikiaye vema hujifunza zote mbili.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kuwa katika kila watoto 100 waliopoteza usikivu, 60 walipata dhara hilo kwa sababu ziwezazo kuzuilika. Kati ya hao, 31 waliharibiwa na maradhi ya kuambukiza, kama surua, rubela, homa ya uti wa mgongo na maradhi ya masikio. 17 kwa matatizo ya wakati wa kuzaliwa. Na 4 kwa dawa zidhuruzo masikio. Basi chanjo, uzazi salama hospitalini, na kutonunua dawa kiholela ni ulinzi wa masikio pia. Kadhalika maziwa ya mama humkinga mtoto, na moshi wa sigara nyumbani humdhuru.

Lakini wako watoto ambao usikivu wao hautarudi kwa matone. Kwa hao wakati ni jambo kubwa zaidi. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado, Marekani, walionyesha kuwa watoto waliogunduliwa mapema, kabla ya kutimiza miezi sita, na kusaidiwa upesi, walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Hapa kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya masikio ya watoto. Ipo pia lugha ya alama, ambayo ni lugha kamili, na shule za viziwi zipo tangu ile ya Tabora iliyoanzishwa mwaka 1963. Aibu si mtoto kuzungumza kwa mikono. Aibu ni kumwacha akue bila lugha yoyote.

Hatusemi kwamba kila achelewaye kusema ana ugonjwa wa masikio. Wapo wenye usonji, na wapo ambao akili zao hukua polepole. Hao nao wahitaji kutazamwa mapema, na kwao vilevile uchunguzi huanza kwa kupima usikivu.

Kwa hiyo twawasihi wazazi wenzetu. Simama nyuma ya mtoto asipokuona, umwite kwa sauti ndogo, kisha ugonge kijiko kwenye kikombe upande wa kulia na wa kushoto. Asipogeuka, rudia siku nyingine. Jaribio hilo la nyumbani si kipimo cha daktari, na hata akigeuka, wasiwasi wa mzazi usipuuzwe. Siku ya kliniki, baada ya uzito na chanjo, mweleze muuguzi ni maneno mangapi mtoto anayasema. Nao walimu wa watoto wadogo wamketishe mbele yule wanayemwona mzito, na wawaarifu wazazi wake kabla ya kumwandika mjinga.

Mtoto aliyetimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, na mtoto yeyote ambaye sikio lake linatoa usaha, hata kama hana maumivu, apelekwe hospitali wiki hii. Asingojewe akue, kwa maana miaka ya kujifunza kusema ni michache, nayo haimngoji.