Besiboli: Mike Trout, kijana aliyetanguliwa na majina 24

Tarehe 9 Juni 2009, timu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, zilikutana kuchagua vijana wapya. Majina 24 yalitajwa kabla ya lile la Mike Trout, mwanafunzi wa miaka 17 kutoka Millville, mji mdogo wa jimbo la New Jersey. Los Angeles Angels ndio waliomchukua, akiwa wa 25.

Miaka mitano baadaye, Trout alitangazwa mchezaji bora wa American League. Alipata tuzo hiyo tena mwaka 2016 na 2019.

Namna gani timu zenye pesa na wataalamu wengi zilimwacha apite?

Kila timu hutuma wasaka vipaji kwenye viwanja vya shule. Wanapima mambo matano: kuugonga mpira, nguvu ya kuupeleka mbali, mbio, mkono wa kurusha na ustadi wa kudaka. Kila jambo hupewa alama kuanzia 20 hadi 80, na 50 ni kiwango cha kawaida cha mchezaji wa ligi kuu.

Mbio ni rahisi kupima. Msaka vipaji anashika saa, anahesabu sekunde tangu kijana agonge mpira hadi akanyage kituo cha kwanza, umbali wa metre 27 hivi. Kwa anayepiga kwa mkono wa kuume, sekunde 4.3 ni wastani. Kugonga mpira ndiko kugumu kukadiria, kwa sababu kijana anakutana na warushaji wa shule, si wa ligi kuu.

Hapo ndipo Trout alipotiliwa shaka. Mbio na nguvu zake zilionekana wazi, lakini New Jersey ni jimbo la baridi. Msimu wa shule ni mfupi, na warushaji wakali si wengi kama California au Florida.

Greg Morhardt, msaka vipaji wa Angels, alikuwa na jambo moja zaidi. Zamani alicheza pamoja na Jeff Trout, baba ya Mike, katika timu za chini za Minnesota Twins. Aliifahamu familia, akamtetea kijana huyo mbele ya wakubwa wake.

Hata hivyo, Angels wenyewe walikuwa na nafasi ya 24 pia, na hapo walimtaja kwanza Randal Grichuk. Nafasi ya 25 ilitoka kwa New York Yankees, waliyoipoteza kama fidia baada ya kumsajili Mark Teixeira kutoka Angels.

Trout alisaini kwa dola milioni 1.215. Mwaka 2019 alipata mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 426.5.

Makosa hutokea upande wa pili pia. Mwaka 2013, Houston Astros walimchagua mrushaji Mark Appel kuwa wa kwanza kabisa. Aliingia uwanjani katika ligi kuu mwaka 2022 tu, akiwa na timu nyingine, Philadelphia Phillies. Aliyechaguliwa wa pili, Kris Bryant, alikuwa mchezaji bora wa National League mwaka 2016.

Kijana wa Afrika hapitii uchaguzi huo. Ni wa wakaaji wa Marekani na maeneo yake kama Puerto Rico, pamoja na Kanada. Wengine husajiliwa moja kwa moja na timu. Ndivyo Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alivyosaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Alisubiri hadi Aprili 2017 ndipo akawa Mwafrika wa kwanza kucheza MLB. Jirani Uganda nayo imeingia: mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisajili vijana wawili kutoka huko.

Kwa vijana hao shaka ni ile ile iliyomkuta Trout, tena kubwa zaidi: msaka vipaji anaona mwili na mbio, lakini hawezi kuona mechi ambazo kijana hajapata nafasi ya kuzicheza.