Mikono Yetu Yaelekea Wapi?

Mazungumzo ya asubuhi katika redio, kutoka Isiolo
Masomo: Walawi 16:20–22, Waefeso 2:13–18

Nazungumza kutoka Isiolo, mji ulio pale mashamba ya Meru yanapokwisha na nyika ya kaskazini inapoanza. Asubuhi hii nataka tuzungumze juu ya jambo moja tulifanyalo kanisani tunapokusanyika kula Chakula cha Bwana. Ni jambo dogo, tena la muda mfupi, na wengi hulifanya bila kuuliza maana yake.

Mwisho wa ibada, kabla watu hawajatoka, kiongozi hutaja yale yanayotulemea, na watu wote hujibu wakiutaja msalaba wa Kristo. Pamoja na sauti huenda mkono. Kila mtu huurusha mkono wake kuelekea msalaba ulio nyuma ya Meza Takatifu, kama mtu atupaye kitu. Hufanya hivyo mara tatu: kwa ajili ya shida zetu, kwa ajili ya magumu yetu, na kwa ajili ya kazi za shetani. Mara ya nne yatajwa matumaini yetu, na hapo mkono huinuliwa juu, kwa Kristo aliyefufuka.

Mgeni aliyezoea ibada za zamani hushangaa. Watoto wa darasa la kipaimara huipenda sana sehemu hiyo, maana wamekaa kwa muda mrefu na sasa wamepata ruhusa ya kujinyoosha. Lakini maana yake ni nini? Tena yatuhusu nini sisi tukaao Isiolo?

IBADA HII ILITOKA WAPI

Wazee wetu waliipokea imani pamoja na Kitabu cha Sala cha Waingereza, ambacho muundo wake ni wa mwaka 1662. Kina mafundisho mema, nasi hatukidharau. Lakini kiliandikwa kwa watu wa nchi nyingine na wa nyakati nyingine. Katika miaka ya 1980 Kanisa letu, ambalo wakati ule liliitwa Kanisa la Jimbo la Kenya, yaani CPK, liliona yafaa Wakenya wamwabudu Mungu kwa namna itokayo katika maisha yao wenyewe. Ibada mpya ya Ushirika Mtakatifu ikatolewa mwaka 1989.

Mmoja wa walioongoza kazi hiyo alikuwa Askofu David Gitari. Yeye aliwekwa kuwa askofu wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki mwaka 1975. Dayosisi hiyo ilikuwa kubwa mno. Ilianzia katika mashamba ya chai na kahawa ya Kirinyaga na Embu, ikapita Meru na kwetu Isiolo, hata Marsabit kuelekea mpaka wa Ethiopia. Mkulima na mfugaji walikuwa chini ya fimbo moja ya uchungaji. Mwaka 1997 Gitari akawa Askofu Mkuu, na mwaka 1998 Kanisa likaanza kuitwa Kanisa Anglikana la Kenya. Mwaka huohuo maaskofu wa Kianglikana kutoka dunia nzima walikutana kwa mkutano wao wa Lambeth, na ibada hii ya Kenya ndiyo iliyotumika siku ya ufunguzi katika kanisa kuu la Canterbury, Uingereza.

Basi, ule mwisho wa ibada asili yake ni kwa watu wa Turkana. Kwao ni desturi mzee kuomba kwa kutamka neno, na watu kumjibu kwa pamoja, mikono nayo ikiyasaidia maneno. Mabaya huambiwa yaondoke, na mema huitwa yaje. Hapa Isiolo Waturkana wa namna hiyo hawahitaji kutafutwa mbali. Ndugu zetu wa Turkana twaishi nao, na wengi wao ni washirika wa makanisa yetu. Walioitunga ibada waliipokea desturi hiyo kwa heshima, lakini waliiongezea neno moja lililo kubwa kuliko yote. Walisema wazi mahali ambapo mabaya yapelekwa: kwenye msalaba wa Yesu Kristo.

KILA MTU ANA MAHALI ANAPOPELEKA UCHUNGU WAKE

Ndugu yangu, hakuna mtu awezaye kuuweka uchungu moyoni daima. Lazima utoke. Mtu atukanwaye sokoni hurudi nyumbani akamfokea mkewe. Mama naye amfokea mtoto. Mtoto atoka nje akampiga mbuzi kwa fimbo. Uchungu ule umeizunguka nyumba nzima, wala haukupata mahali pa kulala. Kesho utaamka mapema kuliko wenyeji.

Nyumbani ni hivyo, na nchini ni hivyo pia, ila madhara yake ni makubwa zaidi. Sisi wa Isiolo twajua. Hapa twaishi Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengine wengi, na wote twategemea malisho na maji. Mvua ikikosekana, mifugo ya kila kabila hukimbilia visima vilevile na kingo zilezile za mto Ewaso Nyiro. Usiku mmoja ng'ombe huibiwa. Asubuhi vijana huondoka kufuata nyayo. Wasipompata mwizi, je, ile hasira wataipeleka wapi? Mara nyingi imepelekwa kwa mtu yeyote wa kabila la mwizi, mtu ambaye usiku ule alikuwa amelala nyumbani kwake pamoja na watoto wake. Naye ana ndugu, na hao ndugu nao wana hasira. Katika miaka ya 2009 hata 2012 tuliona hayo kwa macho yetu: watu wakafa, jamaa zikakimbia makwao, watoto wakakosa masomo.

Kwa hiyo swali la Jumapili si swali dogo. Mabaya yaliyonipata nitayapeleka wapi?

MBUZI ALIYEPELEKWA JANGWANI

Katika Walawi 16 Mungu aliwapa Waisraeli siku moja katika mwaka ya kufanyiwa upatanisho. Mbuzi wawili waliletwa na kupigiwa kura. Mmoja alichinjwa kuwa sadaka ya dhambi. Wa pili aliachwa hai. Kuhani Haruni aliiweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi huyo, akayaungama makosa yote ya watu, kisha mbuzi akapelekwa mbali jangwani na mtu aliyewekwa tayari kwa kazi hiyo.

Mfugaji haitaji kufafanuliwa sana habari hii. Ajua kwamba mbuzi aliyeachwa peke yake nyikani harudi. Watu wa Israeli walisimama wakamtazama akienda mpaka asionekane tena, nao wakajua ya kuwa dhambi zao zimechukuliwa. Lakini angalieni jambo hili: mikono ya Haruni haikuwekwa juu ya kichwa cha jirani wa Israeli. Haikuwekwa juu ya Mmoabu wala Mfilisti. Waliungama makosa yao wenyewe, na Mungu mwenyewe alionyesha mahali pa kuyapeleka.

Hata hivyo siku ile ilirudiwa kila mwaka, kama asemavyo mwandishi wa Waebrania katika sura ya 10, maana damu ya wanyama haikuweza kuimaliza dhambi. Ndipo akaja Yesu Kristo. Waebrania 13:12 yatufundisha kwamba yeye aliteswa nje ya lango la mji. Alitolewa nje, kama yule mbuzi. Yote yaliyotufarakanisha na Mungu, na yote yaliyotufarakanisha sisi kwa sisi, yaliwekwa juu yake. Naye Mtume Paulo, katika Waefeso 2, awaambia Wayahudi na Mataifa kwamba ukuta uliokuwa kati yao umebomolewa, na kwamba uadui wenyewe uliuawa pale msalabani. Hakusema Myahudi aliuawa, wala hakusema mtu wa Mataifa aliuawa. Kilichouawa ni uadui.

Hiyo ndiyo sababu mkono wetu kanisani waelekea mbele, kwenye msalaba, wala hauelekei mlangoni kwa watu walio nje.

MAMBO MATATU YA KUANGALIA

Kwanza, kupeleka shida zetu msalabani si kuificha haki. Wako watu wasemao, "Mchungaji, basi tukiibiwa tunyamaze?" La. Aliyeibiwa na aende kwa chifu, kwa polisi, na kwa wazee wa amani. Mifugo na irudishwe kwa mwenyewe. Zakayo alipokutana na Yesu hakuimba tu. Alirudisha mali mara nne. Lakini yako mambo mawili tofauti: kudai ng'ombe wangu, na kudai damu. La kwanza ni haki. La pili tumekwisha kulikabidhi kwa Bwana, na kitu ulichokikabidhi hukichukui tena kwa siri njiani ukienda nyumbani.

Pili, tuzitajapo kazi za shetani, tusimtazame mtu. Paulo asema katika Waefeso 6:12 kwamba vita vyetu si juu ya damu na nyama. Ulevi uharibuo nyumba ni kazi ya shetani. Mlevi ni mtu aliyefiwa na Kristo. Uvamizi ni kazi ya shetani; kijana aliyevamia ni mwana wa mama fulani, naye bado aweza kuitwa na Mungu. Mshirika akiurusha mkono huku moyoni alitaja kabila fulani, huyo hajaomba pamoja na Kanisa, hata kama mkono wake umeenda sawa na wa wenzake.

Tatu, jambo hili la mwisho haliwezi kutengwa na lile la katikati. Kabla ya kuikaribia Meza twapeana amani. Bwana wetu alifundisha katika Mathayo 5:23–24 kwamba mtu akikumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake, na aiache sadaka yake, akapatane kwanza. Nimeona washirika wakiwapa mkono wale tu walioketi karibu nao, tena wa jamaa zao. Yafaa wakati huo tuvuke kiti, tuvuke na safu. Mkono usioweza kumsalimu ndugu aliye upande wa pili wa kanisa wapata wapi nguvu za kuutupa mzigo msalabani?

MKONO WA NNE

Sasa twafika mara ya nne, ambapo mkono hauendi mbele bali huinuliwa juu. Hapo twayaweka matumaini yetu kwa Kristo aliye hai.

Nchi yetu imejifunza kutotumaini mawingu. Tangu mwishoni mwa 2020 hata mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Wafugaji waliokuwa na zizi lililojaa wakabaki na mifugo ya kuhesabu kwa vidole. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua ikaja, lakini ikaja na mafuriko. Mtu atawezaje kuinua mkono baada ya hayo? Aweza, kwa sababu mwenye kutumainiwa si wingu wala zizi. Yule aliyetoka kaburini siku ya tatu hategemei msimu.

Ndipo mchungaji hutamka baraka, na katika baraka hiyo Kristo huitwa Jua la Haki. Jina hilo latoka kwa nabii Malaki, sura ya 4. Sisi wa Isiolo tukisikia habari za jua twafikiri saa nane mchana, wakati hata mbuzi hutafuta kivuli. Lakini jua alilolisema nabii huja na uponyaji. Ni jua la alfajiri, liangazalo njia ya mtu aliyesafiri usiku kwa hofu ya wezi, naye akaona kwamba amefika.

Ndugu wasikilizaji, baada ya baraka milango hufunguliwa nasi twatoka. Nje twakutana na majirani zetu, na wengi wao ni Waislamu. Hao hawakuwamo ndani, hawakuiona mikono yetu ikirushwa. Wataiona Jumatatu: dukani tunapopima sukari, kisimani tunapopanga zamu, mnadani tunapopatana bei ya ng'ombe. Wataitambua imani yetu kwa hiyo mikono ya Jumatatu.

Juma hili, kila mmoja na amtaje mbele za Mungu mtu mmoja aliyemkosea. Mtaje kwa jina lake, wala usimtaje kwa kabila lake. Lile alilokutenda lipeleke msalabani, kisha umtafute, umsalimu. Ikiwa kuna mali ya kudaiwa, idai kwa njia ya haki na kwa sauti ya kiasi.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyeyabeba makosa yetu katika Mwana wako, twakuletea uchungu wa nyumba zetu na wa nchi yetu. Uuzuie mkono uliotaka kulipiza. Uwarudishe vijana wetu salama kutoka malishoni. Utupe mvua kwa wakati wake, na mioyo ya kugawana maji. Nasi tukiinua mikono yetu kwako, uione ikiwa safi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.